Sekunde Chache za Sare Nyeupe: Uchambuzi wa Kisa cha Video ya "Lovesick Girls"

Kisa hiki, cha kampuni ya muziki ya Korea Kusini iliyolazimika kukata kipande chenye sare ya muuguzi kwenye video baada ya wauguzi kulalamika, huwa nakitoa kwa vijana wanaojifunza kupiga na kuhariri video za muziki. Nakipenda kwa sababu kilianza na kwisha ndani ya siku tano, maamuzi makubwa yalitangazwa hadharani, na sioni mhusika hata mmoja aliyekuja na nia mbaya. Visa vya watu wabaya havifundishi sana. Mtu akishasema "yule alikuwa mbaya", anafunga daftari.

Kundi, kampuni na chama cha wafanyakazi nimevitaja kwa majina, maana wimbo na matamko ni mambo ya wazi. Jina la mwimbaji aliyevaa sare nimeliacha. Mashabiki watamjua kabla sijamaliza aya ya pili, lakini maamuzi ninayoyachambua ni ya kampuni, si yake. Wauguzi, mashabiki na hospitali moja itakayotokea mbele hawatajwi kabisa.

Usuli: kampuni

BLACKPINK ni kundi la wasichana wanne lililotambulishwa Agosti 8, 2016 na YG Entertainment, kampuni ya Seoul iliyoanzishwa mwaka 1996. Kwa miaka minne kundi lilikuwa na umaarufu wa dunia nzima bila albamu kamili ya Kikorea hata moja. Mashabiki walinung'unika, kampuni ikaahidi, na mwaka 2020 ahadi ikaanza kutimizwa. Juni 26 ilitoka video ya "How You Like That", ikatazamwa mara milioni 86.3 katika saa 24 za kwanza, rekodi ya YouTube wakati huo. Agosti ukafuata wimbo walioimba na Selena Gomez. Albamu yenyewe, nyimbo nane tu, ilipangwa kutoka Oktoba 2, na "Lovesick Girls" ndio ulikuwa wimbo wa kuibeba. Oktoba 14 Netflix ingetoa filamu kuhusu maisha ya kundi hilo. Yaani kila wiki ya mwezi ule ilikuwa na mzigo wake, na mzigo mmoja ukiyumba, unaofuata unayumba nao.

Kumbuka pia kwamba YG ilikuwa imetoka kwenye mwaka mbaya. Mwanzilishi wake alijiuzulu Juni 2019 huku kampuni ikiandamwa na kashfa, na kundi hili la wanne ndilo lililobaki kuwa nguzo ya nyumba.

Kuna jambo dogo la Juni ambalo watu wengi wanaosimulia kisa hiki hulisahau. Katika video ya "How You Like That", sanamu ya Ganesha, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, ilionekana imewekwa sakafuni kama pambo, jirani na kiti cha enzi alichokalia mmoja wa waimbaji. Msomaji aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam karibu na hekalu la Wahindu hahitaji kuelezwa tatizo: pale mtu huvua viatu mlangoni kabla ya kumkaribia Ganesha. Mashabiki wa India walilalamika mtandaoni. Siku chache baadaye sanamu ikawa imefutika kwenye video. Kampuni haikutoa tamko, haikueleza, haikuomba radhi hadharani. Pambo liliondoka kimyakimya, kama mtu anayefagia vigae vya kikombe kabla mama hajarudi.

Usuli: wauguzi

Upande wa pili wa kisa una historia ndefu zaidi, na bila kuijua utaona kelele zilikuwa kubwa kuliko jambo lenyewe.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Korea Kusini alithibitishwa Januari 20, 2020. Mwezi uliofuata maambukizi yalilipuka katika jiji la Daegu, na wauguzi wa kujitolea wakamiminika kutoka miji mingine kwenda kusaidia. Picha zilizobaki vichwani mwa Wakorea ni za nyuso zao: plasta puani na kwenye mashavu, pale barakoa na miwani ya kinga ilipochubua ngozi. Aprili ilianza kampeni ya kitaifa ya kuwashukuru. Watu, kuanzia rais hadi watoto wa shule, walijipiga picha wakionyesha ishara ya lugha ya alama, kidole gumba kikisimama juu ya kiganja, maana yake heshima.

Heshima hiyo wauguzi walikuwa wameidai muda mrefu. Hata jina lao kwa Kikorea lilibadilishwa kisheria mwaka 1987, likaondolewa kiishio chenye maana ya mfanyakazi wa kawaida na kuwekewa kile cha mtu mwenye taaluma. Pamoja na hayo, wagonjwa wengi waliendelea kuwaita kwa neno wanaloitwa wasichana wowote wa mtaani wasiojulikana majina. (Sisi tunasema "sista", na humo mna adabu fulani. Neno lao halina.) Mwaka 2017 ikafichuka kwamba wauguzi wa hospitali moja kubwa walikuwa wakilazimishwa kucheza ngoma kwenye sherehe ya kila mwaka ya taasisi wakiwa na nguo za nusu uchi, mbele ya wakubwa wao. Nchi ilichemka.

Na hawakuwa wageni kwenye ugomvi na video za muziki. Mwaka 2008 Lee Hyori, mwimbaji mkubwa wa kike wa kizazi kilichotangulia, alionekana na sare ya kiuguzi katika video ya "U-Go-Girl". Wauguzi walilalamika, kipande kikahaririwa. Miaka kumi na miwili kabla ya kisa chetu, nchi ileile, sare ileile, suluhisho lilelile.

Kilichotokea, siku kwa siku

*Ijumaa, Oktoba 2.* Video ilitoka saa saba mchana kwa saa za Korea, saa moja asubuhi kwetu Afrika Mashariki. Ilikuwa katikati ya sikukuu ya Chuseok, ambapo Wakorea kwa kawaida hurudi vijijini kwa wazee. Mwaka ule serikali iliwasihi wabaki majumbani kwa sababu ya korona. Ofisi zimefungwa, watu wako ndani na simu zao. Kwa mtoa video hakuna wakati mtamu kuliko huo.

Wimbo unauliza kwa nini mtu aliyeumizwa na mapenzi huyarudia mapenzi. Katikati kuna mstari unaosema hakuna daktari awezaye kumsaidia anayeugua ugonjwa huo. Hapo ndipo kipande chenyewe kinapotokea: chumba cha matibabu, mgonjwa na muuguzi wamekaa wakitazamana, na wote wawili ni mwimbaji yuleyule. Mgonjwa anaonekana amechoka. Muuguzi amevaa kofia nyeupe yenye moyo mwekundu, gauni jeupe fupi la kubana na viatu vyekundu vya mchuchumio. Ni sekunde chache tu, kisha video inaendelea na mambo mengine.

*Jumatatu, Oktoba 5.* Siku ya kwanza ya kazi baada ya sikukuu, Chama cha Wafanyakazi wa Afya na Tiba cha Korea kilitoa tamko. Hoja zake zilikuwa hizi: vazi lile halifanani na nguo wanazovaa wauguzi kazini, linarudia picha ya zamani ya muuguzi kama chombo cha matamanio, na picha hiyo inaongeza uzito kwa watu ambao tayari wanadhalilishwa kijinsia kazini. Chama kiliitaka YG itoe jibu la kuwajibika. Mtandaoni, wauguzi walianza kuandika chini ya alama ya reli iliyosema, kwa Kikorea, kwamba muuguzi si vazi la maigizo. Chama cha Wauguzi nacho kikapeleka malalamiko yake. Kufikia hapo video ilikuwa imeshatazamwa mara makumi ya mamilioni.

Mashabiki walijibu kwa wingi wao unaojulikana. Walisema ni sekunde chache, ni sanaa, mbona filamu na tamthilia hazisemwi. Wengine, na hawa nawaona walikuwa na hoja, waliuliza kwa nini picha inayosambaa ni ya uso wa mwimbaji na si ya nembo ya kampuni.

*Jumanne, Oktoba 6.* YG ilitoa jibu. Ilieleza maana ya wimbo, ikasema kipande cha muuguzi na mgonjwa kinafuata mashairi, ikaomba video ya muziki itazamwe kama sanaa inayojitegemea, na ikasisitiza kwamba hapakuwa na nia nyingine. Kisha ikaongeza kuwa watayarishaji walikuwa wakijadili kwa kina kama kipande kihaririwe au kiachwe.

*Jumatano, Oktoba 7.* Tamko la pili. Vipande vyote vyenye sare ya muuguzi vitaondolewa na video kubadilishwa haraka iwezekanavyo. Kampuni iliomba radhi kwa wauguzi waliokwazika na kusema haikutarajia kabisa jambo lile, na kwamba limeipa nafasi ya kutafakari.

Maamuzi, na kwa nini yalifanyika

Uamuzi wa kwanza, wa vazi, hatuna kumbukumbu zake, lakini njia ya kazi inajulikana. Video za namna hii hujengwa kwa mandhari nyingi zinazobadilika kila baada ya sekunde chache. Kila mstari wa wimbo hutafutiwa picha yake, na mbunifu wa mavazi hupewa neno moja au mawili ya kufanyia kazi. Mstari una daktari, basi hospitali. Hospitali, basi muuguzi. Muuguzi, basi kofia nyeupe. Hakuna aliyesimama kuuliza hospitali gani siku hizi ina muuguzi mwenye kofia ile. Ndivyo picha ya mazoea inavyoingia kazini: haiji kwa hila, inakuja kwa kasi.

Juu ya kasi kuna siri. Kazi zote hufanywa chini ya ulinzi mkali ili picha zisivuje kabla ya siku yake, na siri hiyo ina bei. Wanaoiona kazi kabla haijatoka ni haohao walioitengeneza, wamechoka, na wameiona mara mia.

Uamuzi wa pili ni wa chama cha wafanyakazi. Kingeweza kulitazama jambo lile kama upuuzi wa vijana na kukaa kimya. Kilikuwa na madai mazito zaidi mezani, hasa uhaba wa wauguzi. Kiliamua kusema, na kilichagua maneno yake vizuri. Kilitaja kofia, kikataja gauni, kikataja viatu. Hakikuomba kundi lisusiwe wala hakikumshambulia mwimbaji.

Uamuzi wa tatu, jibu la Oktoba 6, nitaurudia kwa kirefu. Wa nne, wa kukata, ulikuwa na upande wa kiufundi ambao vijana wangu huuliza kila mara: kwa nini hawakuishusha video na kupandisha nyingine? Kwa sababu kwenye YouTube video mpya ni anwani mpya, na anwani mpya huanza na sifuri. Mamilioni yale ya watazamaji wa siku za mwanzo yangebaki kaburini, wakati hesabu za mitandao ya kutazamia zilikuwa zikiingia kwenye chati. Kwa hiyo kilichobadilishwa ni maudhui ndani ya anwani ileile. Ukifungua video leo bado inasoma Oktoba 2, 2020, na watazamaji wake wote wamo, pamoja na wale walioona sare.

Matokeo

Kibiashara, hakuna kilichovunjika. Albamu ilifika nafasi ya pili kwenye chati ya albamu ya Billboard nchini Marekani, na "Lovesick Girls" ukashika namba moja kwenye chati ya Billboard ya dunia isiyohesabu Marekani. Filamu ya Netflix ilitoka siku yake.

Wauguzi walipata walichokiomba, na pamoja nacho radhi ya maandishi, jambo ambalo Wahindu wa Juni hawakulipata hadharani. Nakala za kipande kile bado zimetapakaa mtandaoni, bila shaka. Kinachokatwa YouTube hakikatwi kwenye simu za watu.

Mwezi mmoja tu baadaye kampuni ileile ilijikuta tena kwenye moto. Kipindi cha mtandaoni cha kundi kilionyesha waimbaji wakimshika mtoto wa panda katika bustani ya wanyama ya Korea, na watu wengi China wakakasirika kwamba anashikwa na watu waliojipodoa. Safari hii YG ilieleza tahadhari zilizochukuliwa, barakoa, glovu na dawa ya kuua vijidudu, na papo hapo ikaahirisha kipindi. Maelezo na hatua vilikuja pamoja.

Uchambuzi: jibu la Oktoba 6

Kosa kubwa la kisa hiki kwangu si sare. Sare ilikuwa uzembe, na uzembe hutokea. Kosa ni jibu la Jumanne.

Lisome tena kwa makini. Wauguzi walisema: vazi hili si letu na linatudhalilisha. Kampuni ikajibu: wimbo huu unahusu matumaini baada ya kuumizwa na mapenzi. Ameulizwa bei ya samaki, akaeleza uzuri wa bahari. Hakuna muuguzi aliyeshambulia maana ya wimbo. Hakuna aliyesema video isiwe na hospitali.

Hapa huwa nawasimamisha vijana na kuwaambia watenganishe wazo na vazi. Wazo la kipande lilikuwa zuri, tena zuri kweli. Mtu mmoja kuwa mgonjwa na muuguzi wake mwenyewe, anayejiuguza kwa sababu daktari ameshindwa: hiyo ni picha inayosema mashairi kwa jicho moja. Wazo hilo lilimhitaji muuguzi. Halikuhitaji mchuchumio mwekundu. Mvike suruali na blauzi ya kazini kama wanavyovaa wauguzi wa Seoul, mwekee alama za barakoa mashavuni kama zile za Daegu, na kwa mwaka ule wa 2020 kipande kingekuwa kizito mara kumi. Pengine wauguzi wangekisambaza wao.

Kwa hiyo kampuni iliposimama kutetea uhuru wa sanaa, ilisimama mahali ambapo sanaa haikuwapo. Ilitetea kilichotoka kwenye duka la mavazi ya maigizo. Hiyo ndiyo sababu utetezi ule haukudumu hata siku mbili: aliyeutoa hakuwa amejiuliza anatetea nini. Mtu anayejua kwa nini alichagua kitu hulala nacho usiku mzima na asubuhi bado anakitaka.

Halafu kuna ile sentensi ya mwisho, kwamba bado wanajadili kuhariri. Ni sentensi ya mwanasheria, nadhani, iliyowekwa ili kuacha mlango wazi. Lakini waliosoma waliona mambo mawili kwa wakati mmoja: kampuni haiamini hoja yake yenyewe, na kelele zaidi kidogo zitatosha. Wapinzani wakaongeza kelele. Mashabiki, ambao asubuhi walikuwa wameshika hoja ya sanaa na kupigana nayo, siku ya pili wakaachwa nayo mikononi, kampuni imeshaondoka. Shabiki akishaaibishwa hivyo mara moja, safari nyingine anapigana kwa hasira zaidi au hapigani kabisa.

Nini kingefaa? Ama kimya cha saa 24 na kisha tamko moja la kuondoa, ama utetezi kamili unaojibu kofia, gauni na viatu kimoja kimoja. Njia ya kwanza ni rahisi. Ya pili ni ngumu lakini inaheshimika. Ile ya katikati ndiyo waliyoichagua.

Uchambuzi: sanamu ya Juni

Jambo la pili ni kwamba kampuni ilikuwa imeshapewa darasa hili bure, miezi mitatu kabla. Sanamu ya Ganesha na sare ya muuguzi ni kosa lile lile: kitu chenye wenyewe kimechukuliwa kama pambo bila kuwauliza wenyewe. Lakini kwa kuwa la Juni lilifutwa kimya, sioni kama lilitoka nje ya chumba cha mhariri. Aliyefuta alijua. Mbunifu wa mavazi wa kazi iliyofuata huenda hakuambiwa chochote.

Mimi mwenyewe nimewahi kufuta kitu kwenye kazi ya mteja na nikanyamaza. Bango la duka la mtu lilionekana nyuma ya mchezaji, mwenye duka akapiga simu, nikaliziba kwa dakika kumi na mambo yakaisha. Miezi michache baadaye mpiga picha niliyefanya naye kazi alirudia jambo lilelile mtaa mwingine, na sikuwa na la kumwambia maana sikuwahi kumwambia lolote.

Kimya kile kilifundisha upande wa pili pia. Hadhira iliona kwamba hakuna dirisha la kupeleka malalamiko, hakuna jina la mtu, hakuna barua inayojibiwa. Kinachofanya kazi ni wingi wa sauti. Wauguzi, kwa bahati nzuri, walikuwa na chama chenye ofisi na msemaji. Hata hivyo nao ilibidi waingie mtandaoni kama wengine wote.

Uchambuzi: upande wa wauguzi

Nimewasifu kwa kutaja vitu kwa majina, na nasisitiza sifa hiyo. Lalamiko linalosema "mmetudhalilisha" linaweza kubishiwa hadi asubuhi. Lalamiko linalosema "hakuna muuguzi anayevaa viatu hivi zamu ya usiku" halibishiki.

Lakini ushindi ulikuwa na gharama. Nje ya Korea habari iligeuka kuwa mashabiki dhidi ya wauguzi, na ndani ya siku mbili watu walikuwa wakijadili haki ya msichana kuvaa atakacho. Mazungumzo ya zamu ndefu, ya mgonjwa anayempapasa muuguzi na hospitali inayomwambia muuguzi avumilie, hayo yalipita pembeni. Tamko liliyataja, vichwa vya habari havikuyabeba. Chama kilekile kilibidi kufika ukingoni mwa mgomo wa nchi nzima ndipo, alfajiri ya Septemba 2, 2021, saa chache kabla ya mgomo kuanza, serikali ikasaini nacho makubaliano kuhusu idadi ya wafanyakazi na mazingira ya kazi. Tamko la sare halikuleta hayo.

Hoja ya mashabiki, kwa haki yake

Kila nikitoa kisa hiki kuna kijana mmoja, mara nyingi wa kike na mara nyingi shabiki, ananyoosha mkono na kuuliza: sasa tukikata kila anacholalamikia kila mtu, tutabaki na nini? Swali halali. Askari atalalamika, mwalimu atalalamika, shehe na padri watalalamika, na video ya muziki itabaki ukuta mweupe.

Jibu langu halijakamilika. Naweza kusema tu kwamba malalamiko hayalingani. Askari anayechekwa kwenye video hakumbani na mtu wodini keshoye anayemchukulia kama yule wa kwenye video. Muuguzi hukumbana naye. Wauguzi wale walikuwa wakizungumzia yanayowapata kazini zaidi ya hisia zao, na msanii anayetaka kutumia sare yao anaweza angalau kujua hivyo kabla ya kuamua. Akishajua na bado akachagua mchuchumio mwekundu, basi autetee, nami nitamsikiliza.

Yule kijana hurudi na swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: na wale wasio na chama? Sare za wahudumu wa ndege, za wahudumu wa hoteli na za wasichana wa shule zimo kwenye video za Seoul mwaka hadi mwaka, fupi na za kubana vilevile. Ganesha aliondolewa kwa sababu India ina mashabiki wengi mno wa kupuuzwa. Kofia yenye moyo mwekundu iliondolewa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na chama chenye ofisi, katika mwaka ambao nchi nzima ilikuwa imenyoosha kidole gumba juu ya kiganja. Mhudumu wa hoteli hana vyote viwili, na sare yake bado inachezewa ngoma.